Ekari Nne kwa Miguu ya Bibi Anastazia

Nimekabidhi muhuri. Binti aliyenipokea kiti alihesabu mali za ofisi kwa makini mbele yangu: muhuri mmoja, pedi za wino mbili ambazo moja imekauka tangu sijui lini, tepu ya mita hamsini iliyokatika kwenye mita thelathini na nane, na madaftari yaliyoliwa pembe na panya. Kisha akaniomba niwaandikie watendaji wapya wa vijiji maneno mawili matatu kuhusu mikataba ya mashamba, hasa kipengele cha bei, kwa sababu ndicho kinachowaleta watu ofisini asubuhi wakiwa wamenuna. Nilikubali harakaharaka kama kawaida yangu. Sasa nimekaa nyumbani Rungwe Mpya na kalamu mkononi, najuta. Nimesoma vipengele vya bei maisha yangu yote ya kazi, na kipo kimoja, tena nilichokiandika mimi mwenyewe, ambacho mpaka leo sijui kilisema nini.

Nilianzia Mabamba, upande wa Kibondo, kule ambako ukiwa shambani unawaona watu wa Burundi wakilima mashamba yao. Nilifika na begi moja na viatu vya ngozi nilivyonunua kwa ajili ya kazi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, nusu yake imejaa magunia ya maharage ya mtu ambaye sikuwahi kumjua. Nyuma ya magunia alikaa Mzee Bukuru, karani wa kijiji, amevaa koti zito la baridi saa saba mchana. Hakuniuliza cheti. Alinipa mkataba wa kuuziana shamba ulioandikwa kwa mkono na kuniambia nisome. Nikasoma kwa sauti, nikaweka vituo vizuri, nikamrudishia.

"Umeelewa?" akaniuliza.

"Nimeelewa, mzee."

"Mimi niliuandika na bado sijauelewa," akasema, akaurudisha kwenye droo. "Keshokutwa hawa watu wanakuja kugombana. Ukae uangalie."

Mkataba wenyewe ulisema hivi: mnunuzi amelipa nusu ya bei, na nusu iliyobaki atailipa kahawa ya shamba hilo itakapouzwa. Kila mtu aliona maneno hayo yamekaa sawa. Tatizo ni kwamba mnunuzi, baada ya kukabidhiwa, aling'oa kahawa yote akapanda mihogo. Muuzaji akaja na hasira, anataka nusu yake. Mnunuzi akasema kwa upole kabisa kwamba yeye hajakataa kulipa, anasubiri kahawa iuzwe. Nilimtazama yule bwana nikashindwa kujua kama ni mjanja au ni mwehu. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba, ukifuata karatasi, alikuwa sahihi.

Mzee Bukuru hakugusa karatasi. Alitupeleka sote shambani kwa miguu, viatu vyangu vya ngozi vikaanza kunikata visigino, na tulipofika kwenye mihogo akawauliza kila mmoja kwa zamu yake: "Siku mlipopatana bei, ulikuwa unaangalia nini?" Muuzaji akasema alikuwa anaangalia kahawa, ilikuwa na matunda mekundu. Mnunuzi akababaika, akatazama chini, mwishowe akasema naye alikuwa anaangalia kahawa hiyohiyo. "Basi," akasema Mzee Bukuru, "siku jirani zako wakiuza kahawa yao ya msimu huu, na ya kwako imeuzwa." Wakakubaliana, wakaweka vidole gumba. Tuliporudi ofisini nilimuuliza hiyo sheria imetoka kifungu gani. Akaniambia nikavue viatu, miguu inavuja damu.

Nilikaa naye miaka kadhaa. Alinifundisha kuandika kwa wino wa bluu ili nakala ya kivuli isije ikaitwa halisi, kuandika bei kwa maneno kabla ya tarakimu, na kutomruhusu shahidi aliyekunywa pombe ya ndizi asaini kabla hajala. Jambo moja hakunieleza, alilifanya tu. Hakuandika ekari hata siku moja. Mikataba yake ilisema kutoka mti fulani hadi kichuguu fulani, kutoka njia ya ng'ombe hadi mfereji, bei kiasi fulani. Mimi niliona ni ushamba. Nilijiambia kwamba siku nikiwa na ofisi yangu nitafanya mambo ya kisasa.

Siku hiyo ilifika. Nilihamishiwa Kasulu, kijiji kimoja njia ya kwenda Makere ambacho sitakitaja, kwa kuwa watu wake bado wananisalimia. Kabla sijaripoti nilihudhuria semina ya siku tatu, nikarudi na mkoba wa nailoni na mawazo makubwa. Nikatunga fomu. Nilikwenda mjini Kasulu kwenye duka la vifaa vya ofisi, nikasimama nyuma ya mchapaji nikimwelekeza kila mstari. Mstari wa kwanza: Eneo. Wa pili: Bei kwa ekari. Wa tatu: Jumla. Nikatoa nakala mia. Wenzangu wa vijiji vya jirani walipoiona wakaiomba, nami niliwagawia, nikajiona bonge la mtaalamu. Kama mnayo fomu hiyo hadi leo, sasa mnajua pa kuelekeza lawama.

Huko kijijini kulikuwa na desturi ambayo Mabamba sikuiona ikishikwa kwa nguvu hivyo. Anayeuza shamba ndiye anayelitembea. Si mwanawe, si shemeji yake, na si mtendaji na tepu yake. Anapita mwenyewe kwenye mipaka akihesabu hatua kwa sauti, mnunuzi na mashahidi wanamfuata nyuma kimya. Mnunuzi hahesabu. Akihesabu ni sawa na kusema muuzaji ni mwongo, na biashara inaweza kufia hapohapo. Kama mnavyojua, kwetu ekari ni hatua sabini kwa sabini. Hatua za nani, hakuna aliyeuliza, na mimi niliyekuwa na mkoba wa semina sikuuliza pia.

Bibi Anastazia alikuwa mjane, mfupi, mwembamba, anavaa vitenge viwili hata wakati wa joto. Mumewe alikuwa amezikwa upande wa juu wa shamba, karibu na nyumba, ng'ambo ya ua wa minyaa. Mjukuu wake wa kike alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, na bibi akaamua kuuza sehemu ya chini, kutoka minyaa hadi mfereji. Mnunuzi alikuwa Bwana Shabani, mfanyabiashara wa nguo mjini Kasulu, mtu mrefu, mpole, ambaye babu yake alitoka pwani na yeye mwenyewe huongea kama aliyefika jana. Alitaka kupanda michikichi na matunda. Alikuja na mwavuli.

Bibi akalitembea shamba lake. Alianzia kwenye minyaa, akahesabu kwa Kiha, akishika kiuno kwa mkono mmoja. Urefu hatua mia moja na arobaini. Upana vivyo hivyo. Nilipiga hesabu kwenye kiganja: ekari nne kamili, haijazidi wala kupungua. Nilifurahi, maana tarakimu nzima hukaa vizuri kwenye fomu.

Tulipokaa kuandika, bibi alinigusa mkono. "Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "mimi hizo ekari sizijui. Andika nauza kutoka minyaa hadi mfereji. Bei tumeshapatana na huyu bwana."

"Bibi, fomu inataka ekari," nikamwambia.

"Fomu inalima?"

Mashahidi wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikaandika. Eneo: ekari nne kama zilivyotembewa na muuzaji, kutoka minyaa hadi mfereji. Bei kwa ekari: nikachukua bei yao waliyopatana, nikaigawa kwa nne. Jumla: bei yao ileile. Sikumwambia mtu kwamba mstari wa katikati nimeuzaa mimi kwa hesabu ya kugawanya. Uliingia vizuri tu kwenye nafasi yake.

Miaka miwili baadaye Bwana Shabani alitaka hati ya kimila ili akopee benki. Afisa wa ardhi wa wilaya akaja na kifaa chake cha satelaiti, akazunguka shamba mara moja, akatoa jibu: ekari mbili na robo tatu, na hata hiyo robo tatu haikutimia. Bwana Shabani akaniletea mkataba ofisini. Hakupiga kelele. Aliweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Mtendaji, mimi nimenunua kwa ekari. Nimelipia nne. Nionyeshe ya nne iko wapi. Hata ya tatu nionyeshe."

Nikasoma mstari wa kwanza, nikaona bibi ana haki: ameuza kipande kilekile alichokitembea, kati ya minyaa na mfereji, na kipande hakijaondoka. Nikasoma mstari wa pili, nikaona Bwana Shabani ana haki: kama bei ni ya kila ekari na ekari zimepungua, bei nayo ipungue. Nikasoma mstari wa tatu, haukunisaidia chochote, kwa sababu jumla inakubaliana na wote wawili. Nilirudia kusoma kutoka chini kwenda juu nikitumaini kwamba mkataba utabadilika. Kichwa kiliniuma siku tatu.

Hela ya bibi ilikuwa imeshakwenda chuoni. Hakuwa na cha kurudisha. Kwa hiyo Bwana Shabani akapeleka shauri kwenye baraza la usuluhishi akiomba jambo ambalo kwa mtu wa biashara lilikuwa la kawaida: kama hela haipo, basi aongezewe ardhi ili ekari zitimie. Ardhi pekee iliyobaki ilikuwa juu ya minyaa. Ilikuwa nyumba ya bibi, jiko lake, migomba kumi na kidogo, na kaburi la mumewe.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mama Yolanda, mwalimu mstaafu, mtu wa kukatisha maneno. Alisoma mkataba, akavua miwani, akaisafisha, akasoma tena. "Huu mkataba unasema vitu viwili," akasema. "Nani aliuandika?" Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Bibi Anastazia akanigeukia. "Mtendaji, wewe ulikuwepo. Waambie siku ile nilisema nini."

Hapa nitaandika ukweli, ingawa ningependa kuuruka. Nilikuwa nakumbuka. Nilikumbuka mpaka mkono wake ulivyonigusa. Lakini pale walikaa watu wa kijiji chote, na nakala za fomu yangu zilikuwa zimesambaa vijiji vyote vya jirani, na nikaona nikisema mstari wa pili niliuzaa mimi, kila mwenye mkataba ataanza safari ya kuja kwangu. Nikasema, "Bibi, ni muda mrefu. Sikumbuki vizuri."

Alinitazama akiwa amechanganyikiwa tu, kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango umehamishwa. Afadhali angenitukana.

Mama Yolanda akaamua tukutane shambani kesho yake. "Mkataba unasema kama zilivyotembewa na muuzaji," akasema. "Basi muuzaji atembee tuone."

Tukaenda. Bibi alikuwa amezeeka kwa miaka ile miwili zaidi ya nilivyodhani, magoti yalikuwa yamevimba. Akaanzia kwenye minyaa, akahesabu. Sisi tukafuata. Urefu: hatua mia moja sitini na moja. Upana: mia moja sitini na moja. Mama Yolanda akapiga hesabu kwenye simu, akapiga tena.

"Ekari tano na zaidi," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Kwa mujibu wa mkataba wangu, shamba lilikuwa limekua, na Bwana Shabani sasa alitakiwa kuongeza hela. Mwenyewe alisimama na mwavuli wake mdomo wazi. "Wallahi haya ni mazingaombwe," akasema, akamkabidhi jirani mwavuli, akatembea mwenyewe kwa hasira na miguu yake mirefu. Safari hii hakuna aliyemkataza kuhesabu. Akapata mia na kumi na saba kila upande, ambayo haifiki ekari tatu. Shamba moja, asubuhi moja, ekari tano na ekari tatu kasoro, na kwenye fomu nne. Wote wakanigeukia mimi.

Kilichonifungua mdomo hakikuwa ujasiri. Bibi alikuwa amemaliza kutembea na anapanda kurudi nyumbani kwake kupumzika. Alipofika kwenye minyaa akaacha kuhesabu. Alipita kando ya kaburi, akaokota jani la mgomba lililoangukia pale, akalitupa, akaendelea. Nikamkumbuka Mzee Bukuru na koti lake. Nikasikia sauti yangu inasema, "Bwana Shabani, siku mlipopatana bei, ulikuwa unaangalia nini?"

Akafikiri. Ni mtu wa haki, nitalisema hilo popote. "Nilikuwa nimesimama hapa," akasema. "Nilikuwa naangalia mfereji kule chini. Nikasema moyoni, michikichi itapata maji."

"Ulikuwa umeshajua ni ekari ngapi?"

"Bibi alikuwa bado hajatembea."

"Na bei mlishapatana?"

"Tulishapatana."

"Basi bei kwa ekari imetoka wapi?" akauliza Mama Yolanda.

Nikawaambia. Nikasema mstari wa pili hakuna aliyeutamka siku ile, si bibi wala Bwana Shabani, niliupata mimi kwa kugawanya ili nafasi ya fomu isibaki wazi. Nikasema bibi alinizuia na nikamcheka. Nikasema pia kwamba jana barazani nilikuwa nakumbuka. Maneno ya mwisho niliyasema kwa sauti ndogo, Mama Yolanda akaniambia niyarudie, walio nyuma hawajasikia. Nikarudia. Aibu niliyoipata siku ile bado ninayo, nikiitafuta naipata mara moja.

Bibi aliitwa akaelezwa. "Ego," akasema, ndiyo, kama mtu anayeambiwa kwamba jana ilinyesha. Kisha akamwambia Bwana Shabani: "Minyaa hadi mfereji. Baba, nimekuuzia yote. Sikubakiza hata fundo moja la nyasi."

Bwana Shabani akakubali yaishe. Baraza likaandika kwamba bei ilikuwa ya kipande kizima kati ya minyaa na mfereji, na mstari wa pili ukafutwa kwa kalamu, tukasaini pembeni wote. Benki ikamkopesha kidogo kuliko alivyotaka. Alinisalimia kila tulipokutana mjini, lakini hakuwahi tena kunikaribisha kahawa dukani. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa hadi leo, wenzangu. Yeye naye alikaa mezani, akaisoma karatasi yenye muhuri wa serikali inayosema ekari nne, akaiamini, akalipa. Nani alimwambia asiiamini? Usiku mwingine namtetea bibi, asubuhi naamka namtetea yeye. Ningekuwa msahihishaji wa mtihani na swali hilo likaja, sijui ningelisahihisha vipi.

Zile fomu nilizichoma zilizobaki ofisini. Za vijiji vya jirani sikuzipata zote. Ushauri wangu wa kitaalamu nilioombwa ni mfupi: mkiandika bei, andikeni ile iliyotamkwa, na nafasi ya fomu ikibaki wazi iacheni wazi. Na kama afisa atawauliza kwa nini iko wazi, mwambieni mstaafu mmoja aliijaza.

Bibi Anastazia alifariki mwaka jana, kabla sijastaafu. Mjukuu wake muuguzi ndiye aliyemfunga macho. Tulimzika juu ya minyaa, kando ya mumewe. Bwana Shabani alikuja na gunia la mchele, akasimama upande wake wa minyaa kwa muda, kisha mjukuu akamwita, akavuka akaja kushika chepe. Watu walipotawanyika nilibaki nyuma, nikahesabu kutoka mlango wa bibi hadi kaburini. Kwa miguu yangu ni hatua kumi na tisa. Kwa miguu yake sijui. Zile hakuwahi kuzihesabu, kwa sababu hazikuwa za kuuza.